Soarin' ya zamani na Soarin' mpya: maswali ambayo mashabiki wa Mwanza huuliza kila mara

Video ya Soarin', mchezo wa kuruka wa bustani za Disney, ikifunguliwa kwenye simu, iwe Kirumba, Igoma au Nyegezi, ubishi ni ule ule: ya California au ya dunia nzima? Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayojirudia. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: mashine, filamu na kiti ni vitu vitatu tofauti. Ubishi mwingi unatokana na kosa la kimoja kubebeshwa kingine.

## Mambo ya msingi

1. Soarin' ni nini hasa?

Ni simuleta ya kuruka iliyomo katika bustani za burudani za Disney. Abiria 87 hupanda kwa mkupuo mmoja. Wanakaa kwenye viti vilivyopangwa safu tatu na kufunga mikanda, kisha mikono mikubwa ya chuma inawanyanyua hadi kama mita 12 na kuwaingiza mbele ya skrini iliyopinda mfano wa bakuli lililolazwa ubavu, yenye kipenyo cha karibu mita 24. Miguu inaning'inia hewani. Filamu iliyopigwa kutoka angani inajaa macho yote, upepo unavuma usoni, harufu inakuja kufuatana na mahali mnapopita, na viti vinainama kidogo kila picha inapogeuka.

Hakuna reli wala kuporomoka. Safari nzima ni kama dakika tano. Kile kishindo cha tumbo unachosikia picha inaposhuka bondeni kinatoka machoni: skrini ikishajaza hadi pembe za macho, ubongo unaamini kwamba mwili ndio unaokwenda, na kiti kikisogea kidogo tu kinathibitisha uongo huo.

2. Ya zamani ni ipi, na mpya ni ipi?

Ya zamani ni Soarin' Over California. Ilifunguliwa tarehe 8 Februari 2001, siku ile ile ilipofunguliwa bustani ya Disney California Adventure mjini Anaheim. Mwaka 2005 filamu hiyo hiyo ikapelekwa bustani ya Epcot, Orlando, Florida, ikiitwa Soarin' tu.

Mpya ni Soarin' Around the World. Ilianza kuonyeshwa Juni 2016, kwanza Shanghai bustani ilipofunguliwa tarehe 16 (huko inaitwa Soaring Over the Horizon), na kesho yake Anaheim na Epcot. Tokyo DisneySea ilipata yake tarehe 23 Julai 2019, kwa jina la Soaring: Fantastic Flight. Shanghai na Tokyo hazikuwahi kuanza na filamu ya California, kwa hiyo mtu aliyepanda huko tu hana cha kulinganisha.

3. Mashine nayo ilibadilishwa?

Huko Marekani, mtambo wa kunyanyua ni ule ule wa 2001. Kilichobadilika ni filamu, projekta na, kwa Epcot, idadi ya kumbi: liliongezwa jumba la tatu mwaka 2016. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mpya inapanda juu zaidi", mwulize alikaa safu ya ngapi.

Wazo la mtambo huo ni la mhandisi Mark Sumner. Mwaka 1996 wabunifu walikwama kwa sababu mipango ya mwanzo ilihitaji abiria wapandie ghorofa tofauti, na hilo lingegharimu mno. Sumner alichukua seti yake ya utotoni ya vipande vya chuma vya kuunganisha, akatengeneza mfano unaozungushwa kwa mkono, ambamo safu zote tatu zinapakiwa sakafuni kisha zinapanda na kukaa moja juu ya nyingine. Jinsi ya kuunda mfano wa namna hiyo kwa fito na uzi iko swali la 13.

## Filamu mbili

4. Kila filamu inapita wapi?

Ya zamani inabaki California mwanzo hadi mwisho: daraja la Golden Gate, msitu wa miti mirefu ya Humboldt, mashamba ya mizabibu ya Napa, ghuba ya Monterey, Ziwa Tahoe lenye theluji, Yosemite, uwanja wa gofu wa La Quinta, michungwa ya Camarillo, jangwa la Anza-Borrego, San Diego penye manowari inayobeba ndege, Malibu, Los Angeles, na mwisho Disneyland wakati wa Krismasi ikiwa na fataki. Hata ukiwa Florida ulikuwa unatua California, jambo lililowakera sana wapenzi wa Epcot.

Mpya inazunguka dunia: mlima Matterhorn, barafu ya Greenland, bandari ya Sydney, kasri la Neuschwanstein, Kilimanjaro, Ukuta Mkuu wa China, piramidi za Misri, Taj Mahal, Monument Valley, visiwa vya Lau huko Fiji, maporomoko ya Iguazu, na Mnara wa Eiffel. Kituo cha mwisho hutegemea bustani uliyopo.

Idadi ya vituo inalingana, 13 kwa 13. Wanaosema mpya "inakimbia" hawazungumzii idadi, bali namna ya kuhama kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Hilo liko swali la 6.

5. Kwa nini Mnara wa Eiffel unaonekana umepinda?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni la kiti.

Skrini imepinda kila upande, na picha imetengenezwa kwa lenzi pana mno ili ijaze mpindo huo. Picha ya namna hiyo ina sehemu moja tu ambako mistari yake yote inanyooka: katikati ya ukumbi, kwa kimo cha safu ya juu hadi ya kati. Ukikaa pembeni, mita chache tu kutoka hapo, kila kitu kilichosimama wima kinaanza kulala. Mnara wa Eiffel ni mstari mrefu wima, uko karibu, na kila mtu duniani anajua umbo lake. Kwa hiyo kosa linaonekana papo hapo, na mnara unakuwa kama mnazi uliosukumwa na kaskazi.

Je, ya zamani haikuwa na kosa hilo? Ilikuwa nalo. Tofauti ni kwamba waliochagua vituo vya California walikwenda zaidi kwenye maji, miti, miamba, mashamba na mchanga. Mlima ukipinda nyuzi kumi nani atajua? Nguzo za Golden Gate zinapinda pia ukiwa pembeni, lakini zinakuja mwanzoni kabisa, mawingu yanafunguka, na unazipita kabla jicho halijazikagua. Mpya imeweka majengo manne au matano maarufu yenye mistari wima, minara ya Taj Mahal ikiwemo, mbele ya abiria ambao wengi wao hawakai katikati. Kwa maoni yetu hilo ni kosa la uchaguzi wa vituo, wala si la kamera. Ni kosa halisi, na halitengenezeki kwa projekta nzuri.

6. Kwa nini watu husema mpya ni katuni?

Kwa sababu ya wanyama na vitu vinavyokurukia. Ya zamani ilipigwa kwa kamera ya filamu kubwa, sehemu nyingi ikiwa imebebwa na helikopta, na kituo kimoja kikiisha picha inakatwa, unaanza kingine. Mpya imepigwa sehemu halisi lakini imeongezewa vitu vingi vya kompyuta: nyangumi anayeruka majini Greenland, kishada kwenye Ukuta wa China, tembo Kilimanjaro. Vingi vya vitu hivyo vina kazi ya kuziba picha kwa nusu sekunde ili kituo kibadilike bila mkato kuonekana.

Wanaopenda mbinu hii wanasema safari inakuwa moja isiyokatika. Wanaoipinga wanasema ukishaijua huwezi tena kutoiona: kila kitu kinachokukaribia unajua kinakuja kufunga mlango. Tuko upande wa pili. Ndani ya simuleta ya kuruka, raha ni kuamini kwamba kuna rubani. Rubani wa California anapita kando ya mto, anageuka, anashuka. Rubani wa dunia nzima anakwepa vitu.

Haki isemwe lakini: hata ya zamani ina mpira wa gofu unaokuja usoni pale La Quinta. Ni mmoja tu, na watu wanauruhusu kwa sababu unachekesha.

7. Picha ipi ni safi zaidi?

Kwa usafi peke yake, mpya, bila ubishi. Ya zamani ilikuwa filamu ya milimita 70 iliyoonyeshwa kwa picha 48 kwa sekunde, mara mbili ya sinema za kawaida zenye 24. Wingi huo wa picha ndio uliofanya mwendo uwe laini. Lakini filamu ya plastiki inachoka: inapita kwenye projekta mchana kutwa, inashika vumbi, inakwaruzika, na picha inacheza kidogo. Rekodi za miaka ya mwisho ya plastiki hiyo zinaonyesha wazi madoa kwenye anga la bluu. Mpya inatumia projekta za kidijitali za leza zenye picha ya 4K, haikwaruziki na rangi zake hazififii.

Angalizo: usihukumu ulaini wa mwendo kwa video ya simu. Simu nyingi zinarekodi picha 30 kwa sekunde, na 48 haiingii sawasawa ndani ya 30. Simu inaruka baadhi ya picha bila mpangilio sawa, na mwendo unaonekana kukwamakwama. Mkwamo huo ni wa simu.

8. Muziki ni ule ule?

Wimbo mkuu ni ule ule, wa Jerry Goldsmith, aliyetunga kwa ajili ya filamu ya 2001. Alifariki mwaka 2004. Kwa filamu mpya, Bruce Broughton aliupanga upya. Hapa mashabiki wengi wa pande zote mbili wanakubaliana kwamba kazi ilifanyika kwa heshima.

9. Harufu zipi zipo, na zipi zilitolewa?

Ya zamani ilikuwa na machungwa ya Camarillo, misonobari ya milimani, mimea ya jangwani na hewa ya bahari. Ya machungwa ndiyo watu wanaikumbuka hadi leo. Mpya ina nyasi za Afrika pale Kilimanjaro, waridi pale Taj Mahal na hewa ya bahari Fiji. Harufu ya machungwa inashinda kwa sababu moja: unaona chungwa, unanusa chungwa, na kila mtu analijua. Nyasi inakuja wakati jicho liko kwa tembo, na wengi hawaitambui mpaka waambiwe.

## Kilimanjaro yetu

10. Ile Kilimanjaro ya kwenye filamu ni ya upande wa Tanzania?

Mlima wote uko Tanzania, mita 5,895, na Disney wanautaja hivyo: Mlima Kilimanjaro, Tanzania. Swali la kweli ni picha inautazama kutoka wapi. Uwanda wa tembo wenye mlima nyuma yake watu wameuzoea kutoka Amboseli, Kenya, kaskazini mwa mlima. Upande wetu, mandhari ya aina hiyo ipo Enduimet na Sinya, magharibi na kaskazini magharibi.

Namna ya kujikagulia: tafuta rekodi iliyopigwa katikati ya ukumbi, simamisha picha mlima unapoonekana mzima, utafute Mawenzi, kile kilele chenye meno. Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, Mawenzi iko kulia kwa Kibo. Ukiwa Amboseli unatazama kusini, iko kushoto. Ukiwa magharibi, Kibo inaificha. Kuwa mwangalifu na video zilizogeuzwa kushoto kulia na watu wanaokwepa kufutiwa. Jikinge kwa kuangalia maandishi yoyote yaliyo kwenye video, au kipande cha Sydney: ukumbi wa Opera na daraja vikikaa kinyume na ramani, video imegeuzwa.

11. Kwa nini hakuna Serengeti wala Ziwa Victoria?

Afrika imepewa vituo viwili kati ya 13, Misri na Kilimanjaro. Vituo vingi vinaonekana kuchaguliwa kwa alama moja inayotambulika haraka. Ziwa kubwa likionekana kutoka angani bila mwamba, bila kisiwa, bila mashua, mtu wa Orlando ataliita bahari. Wazo la safari ya ziwa letu liko swali la mwisho.

## Kulinganisha ukiwa Mwanza

12. Sijawahi kupanda. Naweza kulinganisha kwa video?

Unaweza kulinganisha filamu, si safari. Na hata filamu inahitaji uchague video vizuri.

Kwanza, mwaka wa kurekodiwa. Rekodi ya California ya kabla ya 2015 ni filamu ya plastiki. Ya kuanzia 2019 ni nakala ya kidijitali iliyoonyeshwa kwa projekta mpya (swali la 18). Kuweka rekodi chakavu ya 2012 mbele ya rekodi safi ya dunia nzima si mashindano ya haki, na nusu ya ubishi wa vijiweni unaanzia hapo.

Pili, kiti. Ukiona miguu ya watu ikining'inia juu ya picha, aliyerekodi alikuwa safu ya chini au ya kati. Mnara wa Eiffel ukisimama wima, alikuwa katikati. Tatu, kata sauti mara ya kwanza. Muziki wa Goldsmith unapandisha alama za filamu yoyote iliyo chini yake.

Kuhusu bando: dakika tano za ubora wa 1080 ni kama MB 100 hadi 200. Pakua kabla, usitegemee mtandao wakati wa kuonyesha. 4K haina faida kwenye simu wala kwenye runinga ya inchi 32.

13. Tunawezaje kuandaa onyesho la kulinganisha, nyumbani au kibanda umiza?

Lengo ni kujaza macho. Kwa runinga ya inchi 43, ambayo upana wake ni kama sentimita 95, kaa umbali wa sentimita 70. Inaonekana karibu mno, lakini ndiyo siri yenyewe. Kwa projekta, tandaza shuka jeupe lisilo na mikunjo, picha iwe na upana wa mita 2, watazamaji wakae mita 1.4 hivi kutoka kwenye shuka. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji kama mita 3 kutoa upana huo, kwa hiyo itakuwa nyuma yenu: iweke juu ya kabati, ielekee chini kidogo, la sivyo vichwa vitatia kivuli. Mkupuo mmoja ni watu watatu tu, wakae katikati. Wa nne ataanza kuona Eiffel iliyolala.

Viti viwe virefu hata miguu isiguse chini. Meza imara iliyoegemezwa ukutani inatosha, kimo cha sentimita 75 au 80. Stuli nyembamba za juu hazifai, maana watu huinama kweli picha inapogeuka.

Feni ya mezani iwe pembeni mwa skrini, mita 1.5 kutoka usoni, kasi ya chini kabisa. Kasi ya juu inakausha macho na sauti yake inaua muziki.

Harufu: menya machungwa mawili, ponda maganda, yaweke kwenye bakuli lenye mfuniko mbele ya feni. Funua Camarillo inapoanza, funika kabla ya jangwa. Kwa filamu mpya tumia nyasi mbichi zilizokatwa muda huo huo kwa Kilimanjaro, na matone mawili ya marashi ya waridi kwenye pamba kwa Taj Mahal. Kosa la kawaida ni kufungua mapema na kusahau kufunika: chumba kikishajaa waridi, Fiji, Iguazu na Paris zote zitanukia harusi. Kati ya filamu moja na nyingine fungua madirisha dakika tano. Harufu ya bahari iacheni. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, na upepo wa Mwaloni unaleta dagaa.

Nusu ya kundi waanze na ya zamani, nusu waanze na mpya. Aliyeona kitu mara ya pili ameshazoea feni na meza, na hukumu yake inaegemea upande. Kompyuta mpakato iwe imejaa chaji, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya Yosemite jaribio limeharibika na itabidi muanze upya.

Mkitaka kuelewa mtambo, tengenezeni mfano. Chukua fito mbili za sentimita 35, ziungane kwa vijiti vitatu vya kukingama kwenye sentimita 10, 20 na 30 kutoka mwisho mmoja. Mwisho huo ufungwe kwa waya kwenye nguzo mbili za sentimita 12, waya uwe bawaba. Kwenye kila kijiti ning'iniza kiti cha boksi kwa uzi wa sentimita 5, na chini yake gundisha kokoto ili kisiyumbe. Funga uzi kwenye ncha ya mbele, uupitishe juu ya nguzo ya nyuma ya sentimita 50, uuzungushe kwenye kibiringo. Ukivuta, fito zinasimama: kiti cha mbele kinakwenda juu kabisa, cha nyuma kinabaki chini, na vyote vinabaki wima kwa uzito wake. Simamisha fito zikiwa nyuzi 80. Zikivuka 90 zinaangukia nyuma na uzi unalegea. Viti vikigongana, uzi ni mrefu mno, ufupishe hadi sentimita 4.

## Ukienda kuipanda

14. Niende bustani ipi?

Kwa anayetaka kuona zote mbili, Anaheim, kwa sababu ndiko filamu ya California imekuwa ikirudishwa kwa misimu (swali la 18). Kwa anayetaka mpya tu, Tokyo ina jengo na maandalizi ya foleni ya kuvutia kuliko kwingine.

Kutoka Mwanza safari nyingi zinaanza kwa ndege ya ndani kwenda Dar es Salaam au Kilimanjaro. Viza ya Marekani inashughulikiwa na ubalozi ulio Dar es Salaam. Masharti hubadilika, yaangalie kabla ya kulipa nauli.

15. Niombe kiti gani?

Sehemu B, safu ya 1. Ni katikati, na mtambo ukinyanyuka safu ya mbele ndiyo inayokwenda juu kabisa, kama ule mfano wa swali la 13 unavyoonyesha. Mwombe mhudumu kwa upole kabla hajakupangia namba, na umwambie uko tayari kusubiri mkupuo unaofuata. Safu ya 2 katikati ni nzuri pia. Kwa filamu ya zamani, kukaa pembeni kunavumilika. Kwa mpya, kunaharibu Paris.

16. Naogopa urefu, au nashikwa kichefuchefu haraka. Itakuwaje?

Mwendo halisi wa kiti ni mdogo sana. Ukizidiwa, fumba macho: ndani ya sekunde chache mwili unatambua kwamba umekaa tu na upepo unakupuliza. Mwoga wa urefu aombe safu ya 3, ambayo inabaki chini. Usipande ukiwa umetoka kula sana. Mpya inawasumbua wenye kichefuchefu zaidi kidogo kwa sababu ya vile vitu vinavyokuja usoni.

17. Watoto wanaruhusiwa?

Kimo cha chini kwa bustani za Marekani ni sentimita 102. Malapa yasiyo na mkanda yavuliwe kabla ya kunyanyuka.

## Maswali ya pembeni

18. Ya zamani imezikwa, au inarudi?

Inarudi Anaheim kwa vipindi vifupi, tangu 2019, mara nyingi majira ya kuchipua huko wakati wa tamasha la vyakula. Inaonyeshwa kidijitali. Maana yake, mtu aliyepanda California baada ya 2019 ameona vituo vile vile na muziki ule ule, lakini si mng'ao ule wa plastiki ya milimita 70. Mashabiki wa zamani wanapobishana na wapya kuhusu "uhalisi", mara nyingi wanazungumzia vitu viwili wasivyojua kuwa ni viwili.

19. Basi ipi ni bora?

Kama safari ya kuruka, ya California. Ina rubani, ina mwendo, na vituo vyake vinasameheana na skrini iliyopinda. Kama picha na kama fahari ya kuona mlima wetu katika kumbi za Anaheim, Orlando, Shanghai na Tokyo, mpya. Anayekaa Sehemu B safu ya 1 anaweza kuipenda mpya bila tatizo, na hatuna sababu ya kumpinga: ameona filamu ambayo wengine 70 na kitu ndani ya ukumbi ule ule hawakuiona.

20. Ingetengenezwa ya Ziwa Victoria, ipite wapi?

Orodha inayotajwa zaidi Mwanza inaanza na Mwamba wa Bismarck asubuhi kamera ikiwa chini karibu na maji, kisha Saanane, Ukerewe, misitu ya Rubondo, nyanda za Serengeti magharibi zinaposhuka kuelekea ghuba ya Speke, na usiku taa za wavuvi wa dagaa. Ukilipima kwa kanuni ya swali la 5, karibu vyote vinafaa: mawe, maji, miti, mwanga. Mawe ya Mwanza yamejaa mistari ya mviringo, kwa hiyo hata wa pembeni kabisa hataona kosa.

Kinachohitaji akili ni Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 2025. Kila mtu atalitaka, na nguzo zake zitapinda kama Eiffel zikipigwa kutoka ubavuni. Dawa ni kulipiga kwa urefu wake: kamera iende juu ya barabara kutoka Kigongo, nguzo zije katikati ya picha na zipite pande mbili kwa kasi, zisikae kwenye pembe zaidi ya sekunde moja. Na kamera isishuke chini ya mita 15 juu ya maji pale ziwa linapokuwa na mawimbi, kwa sababu mawimbi madogo yakipigwa karibu kwa lenzi pana yanaonekana kama bahari iliyochafuka, na abiria wa safu ya 3 watashikwa kichefuchefu kabla ya kufika Busisi.